Makumbi ya Bi Mwatum

Sumaiya anakimbia kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hilo ndilo lililotaka kumponza. Tunacheza timu moja ya wanawake hapa mjini, yeye winga, mimi beki. Mimi nina mwili, pumzi sina. Yeye pumzi anazo za kutoa sadaka, lakini msimu uliopita kila beki aliyempiga bega alimlaza chini. Ligi ilipokwisha, kocha wetu, Mwalimu Mudrik, alimwambia mbele yetu sote: "Msimu ujao ukiwa bado unaanguka hivi, jezi yako nampa mwengine."

Akampa na ratiba. Mbio siku mbili kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili, siku zilizobaki apumzike, na ale ashibe. Sumaiya akaitikia naam, akenda zake Bwejuu kwa bibi yake, akakimbia kila siku aliyojaaliwa na Mungu. Nguvu hakuzigusa. Nilimpigia simu kumgombeza.

"Kidawa, mimi nlichonacho ni mbio tu," alinijibu. "Nikijaza misuli nikawa mzito, ntabaki na nini?"

Nilimwita kichwa maji. Moyoni nilimuonea huruma, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli.

Kule Bwejuu wanawake huzika makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayafunika kwa mawe na kuyaacha miezi mpaka yaoze. Maji yakitoka huyafukua, wakayaponda kwa gongo wapate nyuzi za kusokotea kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe hulijua kwa mawe yake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Siku moja Bi Mashavu, bibi yake Sumaiya, alimtuma akafukue lao. Mtoto wa mjini akatoka mbio kama kawaida yake, hakuuliza mara ya pili, akafukua shimo la jirani, Bi Mwatum. Akalimaliza lote.

Bi Mwatum hakupiga kelele. "Umeyafukua, mwanangu, basi yaponde," alimwambia. Bi Mashavu, aliyeona haya kuliko mjukuu wake, akaongeza na ya kwao.

Nilipokwenda kumtazama Sumaiya nilimkuta kakaa mchangani, gongo mkononi, ananuka uvundo hata sikumkumbatia.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Mtizame mwenzio. Asubuhi anaponda, jioni anakimbia, chakula cha usiku kijiko kinamshinda kunyanyua."

Nikaona hapa mtu atajiua. Nikampigia Mwalimu Mudrik, nikaiweka simu sauti ya juu, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema taratibu: "Sumaiya, hayo makumbi ndiyo mazoezi ya nguvu uliyoyakimbia. Siku ya kuponda, ponda, ule, ulale. Siku ya mbio, kimbia. Pumzi zako zipo, mara mbili kwa wiki zinatosha kuzilinda. Mwili unajengeka ukipumzika."

Sumaiya akamtazama Bi Mwatum, aliyekuwa akisokota kamba pembeni. "Lakini mimi nna deni la watu."

"Makumbi yangu yamekaa topeni tokea mvua za vuli," alisema Bi Mwatum. "Kwa siku mbili tatu hayatokufa."

Tokea hapo nikaanza kumstahi mwenzangu. Kuponda hakukumshinda, wala kujitwika mzigo wa makumbi mabichi kichwani na kupanda nao kutoka pwani. Lililomuuma ni kukaa barazani jioni, ufuo uko wazi mbele yake, miguu inamwasha, na yeye asiinuke. Siku mbili za wiki alikimbia, na siku hizo alikimbia kama aliyefunguliwa kamba. Siku nyengine zote alijizuia, mwezi hata mwezi. Mimi nisingeweza. Kwa kweli sikuweza, maana na mimi nilipewa ratiba yangu ya mbio, na niliifuata kwa macho tu.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu mpya Mwalimu aliniita. "Kidawa, mkabe Sumaiya. Usimhurumie."

Sumaiya alinitazama. Nikajua akianguka leo, jezi imekwenda, na aliyemuangusha ni mimi. Nikafikiri kumpunguzia, kisha nikaona hayo yangekuwa matusi kwa mtu aliyeponda mashimo mawili ya makumbi. Mpira ulipomfikia nilimwendea na bega langu lote.

Alitikisika. Mguu wake ukakamata ardhi, mgongo ukakaza, mpira ukabaki miguuni mwake. Nikampiga bega la pili, na safari hii nilijipiga mwenyewe, nikakaa chini. Nilipoinuka keshaondoka. Nilimfukuza hatua chache nikashika magoti, nahema kama mvukuto wa mhunzi. Mbio zake zilikuwa zile zile, hazikupungua hata chembe.

Filimbi ikalia. "Kidawa, umemwachia?"

"Mwalimu, mimi simwachii hata mama yangu!" Nilikasirika kweli, na huku machozi ya furaha yananitoka mbele za watu.

Mwalimu Mudrik hugawa jezi kwa kuzirusha, kila mtu adake yake. Ya Sumaiya hakuirusha. Aliikunja, akavuka uwanja mzima kwa miguu, akamkabidhi mkononi.