Mgongo wa Karatasi

Siku ya tisa baada ya mazishi, Kola alikwenda kupangua chumba cha kushonea cha baba yake. Jina hilo la Kola alipewa na shangazi, kwa sababu kiwandani alikofanya kazi kwa miaka kumi na mmoja alishona kola tu. Kola za mashati ya shule, tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni. Mikono ilishonwa na wengine, vifungo na wengine. "Wewe shati zima hujawahi kuliona," shangazi alizoea kumtania. "Unajua shingo tu, kama kinyozi."

Siku hiyo shangazi hakuwa na utani. Alikuwa amemtangulia tangu alfajiri, na sasa alikuwa amepiga magoti katika kile chumba kidogo cha nyuma alicholala kaka yake, akifunga vyombo kwa magazeti na kuvipanga kwenye maboksi. Magazeti yalikuwa mengi ajabu. Marehemu hakutupa karatasi. Gazeti lilifuta kioo cha dirisha mpaka mgeni mmoja akagonga paji la uso akidhani dirisha liko wazi. Gazeti lililofinyangwa lilishindiliwa ndani ya viatu vilivyolowa, na kulipokucha viatu vilikuwa vikavu. Kitambaa laini kilichoteleza kwenye cherehani alikishonea juu ya gazeti, kisha akalichana gazeti polepole kama anayemvua mtoto aliyelala, na mshono ukabaki umenyooka.

Karatasi za kaki zilizokuja zimefunga majora ya vitambaa ndizo alizozipa heshima. Alizipiga pasi. Kwa hizo alikata vipimo vya wateja, mgongo, kifua na mikono, akaandika jina, akatoboa tundu na kutundika ukutani. Kola alikua akiwaona watu wa mtaa mzima wakining'inia kwenye misumari, bapa, bila vichwa.

Alikuwa anawashusha mmoja mmoja aliposikia hodi. Aliyebisha alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili. Miaka arobaini ya kuinamia saa za watu ilikuwa imemkunja mgongo, hata akitembea ungedhani ameangusha kitu na bado anakitafuta. Mkononi alikuwa na kitambaa cha buluu iliyokolea, kimekunjwa vizuri.

"Poleni tena, binti yangu."

"Tumeshapoa, mzee. Karibu ndani."

"Naona haya kukusumbua msibani. Ila Jumamosi namwoza kitinda mimba wangu, na kanisa zima litanitazama nikimwingiza. Baba yako aliniambia nilete kitambaa hiki Jumatano ya wiki ile. Jumanne yake ndiyo akatutoka."

Kola alikishika kitambaa. Kilikuwa kizito na laini, cha aina isiyouzwa tena madukani.

"Mama yake alikinunua mtoto akiwa darasa la pili," alisema fundi saa. "Akasema, hiki ni cha siku ile. Yeye hakuifikia siku yenyewe, lakini kitambaa kimefika."

"Mzee, mimi nashona kola. Kwa nini usimwone fundi mwingine?"

"Nimewaona wawili. Wa kwanza alinipima akaniambia ninyooke. Nikamwambia, mwanangu, hapa ndipo mwisho wa kunyooka. Wa pili alinijaribishia koti alilomshonea mtu mwingine. Nyuma limepanda kama mkia wa kuku, mbele linanisafishia magoti." Alicheka, kisha kicheko kikamwisha. "Makoti ya baba yako yalinikaa. Sijui alifanyaje. Nikiyavaa nilisahau."

Kola alikilaza kitambaa juu ya meza ya kukatia.

Alirudi kwenye karatasi za kaki, akazipekua zote. Mwalimu mkuu alikuwemo. Mlinzi wa benki, dereva wa gari la maji, wote walikuwemo. Fundi saa hakuwemo.

"Alikuwa anakupima upya kila mara?"

"Aka! Alinipima mara moja tu, zamani. Baada ya hapo naleta kitambaa, tunakunywa chai, ananitazama, basi."

Ikiwa vipimo vyote vilikuwa kichwani mwa baba, vilikuwa vimekwenda naye. Na kitambaa kilikuwa kimoja. Mkasi ukikosea, hakuna pa kupata kingine.

"Kola!" shangazi aliita kutoka chumba cha nyuma. "Njoo unishikie hili beseni, vikombe vinataka kumwagika!"

Kola alikwenda. Shangazi alikuwa amekumbatia chombo kipana chenye rangi ya vumbi, amekijaza vikombe vyote vya marehemu.

"Nimelitoa chini ya meza ya kukatia, lilifunikwa magazeti. Ni karatasi tupu, lakini gumu kama ubao. Kaka yangu naye! Mtu anatengeneza beseni, linakuwa pembe moja juu, pembe moja chini. Halisimami hata kidogo."

Kola alililaza sakafuni, akatoa vikombe kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na maandishi ya gazeti yaliyofifia. Alipitisha kidole kwenye ukingo na kuona kwamba haukuwa unene wa karatasi moja. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka, gazeti, kaki, gazeti, kaki, zimegandishwa kwa uji wa unga wa ngano. Alihesabu mpaka kumi na saba akaacha.

Kisha akaligeuza.

Shangazi alishika mdomo. Sakafuni hapakuwa tena na beseni. Palikuwa na mabega mawili, la kushoto limeshuka kidogo. Palikuwa na shingo iliyoanza mbele mno, mfereji wa uti wa mgongo, na pale kati ya mabega nundu iliyopanda taratibu, ikakaa, ikateremka upande mmoja kuelekea kiunoni. Mwanga wa mlangoni uliipitia, na kwa muda wa pumzi moja Kola aliona kama inapumua.

"Nimeweka vikombe ndani ya mtu," alinong'ona shangazi. "Mungu nisamehe."

Tabaka la ndani kabisa lilikuwa na gazeti la mwaka ambao Kola alikuwa bado anatambaa. Baba alikuwa ameiacha tarehe ionekane ukingoni, na tabaka lililofuata likawa na tarehe yake, na lililofuata lake. Mgongo wa kijana mwembamba ulikuwa ndani ya mgongo wa mtu mzima, na huo ndani ya mgongo wa mzee. Mahali palipokua, baba aliongeza. Bega liliposhuka, alikwangua na kubandika upya. Pembeni aliandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kuinama: upana wa kifua, urefu wa mbele, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Na chini ya nundu, kwa herufi ndogo: *Hapa panamuuma. Usibane.*

Kola aliishi na baba yake utoto wake wote. Alimjua kwa kikohozi chake na kwa pini zake mdomoni. Lakini kazi hii hakuwahi kuiona, na hakuna aliyemwamuru baba aifanye.

Kivuli kikaingia mlangoni. Fundi saa alikuwa amewafuata.

"Huyo ni nani?"

Shangazi alimtazama Kola. Kola alitamani kudanganya, akashindwa.

"Ni wewe, mzee."

Fundi saa alishuka chini kwa taabu, akishikilia fremu ya mlango. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akaupitisha juu ya karatasi kwa vidole vilivyozoea vitu vidogo.

"Ile mara ya kwanza," alisema, "alinilaza kifudifudi juu ya meza, akanifunika kitambaa chenye mafuta, akanipakia magazeti mabichi. Aliniambia ndio upimaji wa kisasa. Nilisinzia." Mkono wake ulifika juu ya nundu. "Kumbe nimekuwa mlima."

"Alikuwa anaufuata kwa macho," alisema Kola. "Kila mwaka, wakati mnakunywa chai."

"Na mimi nikidhani ananiangalia kwa kunipenda tu."

"Sasa hapo tofauti iko wapi?" alisema shangazi.

Tabaka la mwisho lilikuwa la mwaka jana. Kola alitazama karatasi, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza maishani aliona kitu ambacho si kola. Aliona kwamba mwaka mmoja umekosekana.

"Mzee, vua koti. Shangazi, tafadhali, koroga uji wa unga, mzito."

Aliweka kiganja juu ya mgongo wa fundi saa, kisha juu ya mgongo wa karatasi, akarudia. Juu ya nundu pameongezeka unene wa kidole. Bega la kushoto limezidi kushuka. Alilikwangua bega hilo, akachana magazeti ambayo shangazi alifungia sahani, akayachovya, akayalaza ukanda kwa ukanda, akabandika kaki juu yake, akibonyeza kwa dole gumba kuelekea chini ili hewa itoke. Waliianika juani mlangoni, wakakaa pande tatu kuizunguka kama wanaolinda mtoto. Wapita njia walisimama. Hakuna aliyecheka.

Alasiri karatasi ililia kavu ilipogongwa. Kola akakitandaza kitambaa cha buluu juu yake, na kitambaa kikashuka chenyewe, kikajua njia. Aliona pa kuongeza nyuma na pa kupunguza mbele. Alichora kwa chaki, akavuta pumzi, akakata.

Ijumaa mchana fundi saa alisimama mbele ya kioo. Kola alikuwa amefungua mikono ya koti mara mbili na kuishona tena, na jicho lake moja lilikuwa jekundu. Kola ya koti ndiyo pekee aliyoishona bila hofu. Sasa alisubiri, pini bado mdomoni.

Mzee aliinua mikono, akaishusha. Koti halikupanda wala halikuvuta. Hakujitazama mbele hata kidogo. Aligeuka, akakipa kioo mgongo, akamwomba shangazi amshikie kioo kingine usoni. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akijitazama nyuma.

"Linakubana pale?" aliuliza Kola.

"Halinibani."

Shangazi akashusha kioo chake, naye mzee akafunga kifungo.

"Mpiga picha wa kesho nitamwambia," alisema, "apige na za nyuma."