Ukanda wa Kusahihishia

Gundi aliacha shule kwa sababu makalio yake hayakuumbiwa benchi. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na mama yake alishachoka kumbishia. Akaenda kwa fundi viatu, akajifunza kukata ngozi, kushona na kubandika soli, mpaka gundi ikamganda vidoleni na kuwa jina lake. Mdogo wake wa kike alikuwa kinyume kabisa: mpe kitabu, anasahau kula. Gundi alimwita Profesa.

Sasa Profesa alikuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa kuchagua A, B, C au D na kujaza kiduara kwa penseli. Ukifeli unarudia mwakani, lakini mama alishasema kwake hakuna mwakani. Binti akikosa safari hii, anakwenda kukaa dukani kwa shangazi kuuza mapazia. Na Profesa mapazia hata kuyafua hapendi.

Gundi akaamua kusaidia. Jirani aliwaazima kitabu cha mitihani ya majaribio, cha kurudisha siku hiyohiyo, majibu yakiwa kurasa za mwisho. Maswali wakatoa kopi. Majibu, Gundi akasema, "Hayo niachie mimi."

Akachukua mabaki ya ngozi pale kazini, akakata ukanda mmoja kwa kila mtihani, upana sawasawa na safu ya viduara kwenye karatasi ya majibu. Akachora alama upande wa nyuma, ule wenye nyuzinyuzi, kama fundi yeyote anavyofanya ili uso wa ngozi usichafuke. Kisha akatoboa tundu moja kwa kila jibu sahihi. Kusahihisha kukawa mchezo: unalaza ukanda juu ya karatasi, uso laini juu, unaangalia. Tundu likionyesha weusi wa penseli, amepata. Likionyesha weupe, amekosa.

"Walimu wanakaa wiki nzima na kalamu nyekundu," alijigamba. "Mimi paa, nimemaliza, nakwenda zangu kulala."

Shida ikawa alama. Mtihani wa kwanza Profesa alipata tisa kati ya arobaini. Haya, mwanzo mgumu. Akajifungia na vitabu. Wa pili akapata sita. Akazima simu, akawafukuza mashoga zake mlangoni, akasoma mpaka macho yakawa kama ya mtu anayekata vitunguu. Wa tatu akapata mawili.

"Mawili?" Gundi alisema. "Mbuzi akikanyagakanyaga hii karatasi anakuzidi."

"Kaka, usinitanie."

"Sikutanii, nashangaa. Ulisoma, au ulijifunika kitabu ukalala?"

"Nilisoma! Hili la saba nimelikokotoa mara tatu. Ni D. Haiwezi kuwa kitu kingine."

Gundi akalaza ukanda. Tundu la saba lilikuwa juu ya A. Kweupe.

"Ukanda unasema A."

Profesa aliuangalia ukanda, akaiangalia hesabu yake, akauangalia tena ukanda. "Basi sielewi. Kadiri ninavyoelewa ndivyo ninavyokosa. Labda nina kasoro kichwani, kaka."

Gundi naye kichwa kilikuwa kinamzunguka. Lakini yeye si mtu wa kukaa kimya. Kukaa kimya kunamuwasha.

"Sikiliza. Kichwa chako kinakudanganya, si ndiyo? Basi usikifuate. Jibu unaloliona sahihi, liache. Chagua jingine lolote."

"Hiyo ni akili ya wapi?"

"Ya kumsaidia mtu aliyepata mawili."

Mtihani wa nne akafanya hivyohivyo, na akapata kumi na tatu. Mama akashukuru kwa sauti huko jikoni. Gundi akatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyetunga mtihani. Profesa peke yake hakufurahi. "Nimepanda kwa kujibu nisichoamini," alisema. "Sasa nilikuwa nasoma ili iweje?"

Siku ya mtihani akaondoka asubuhi na penseli zake na ufutio mpya, amenyong'onyea kama anakwenda kung'olewa jino.

Gundi akaenda kazini, mwili upo, akili haipo. Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na karatasi ya mtihani wa tatu, ule wa mawili, pamoja na ukanda wake, maana jambo lile lilikuwa linamkera kama mchanga ndani ya soksi. Mtu anasomaje halafu anashuka?

Mara akaingia mteja, amevaa kiatu kimoja, kingine kakiinua juu.

"Nyie mafundi, mimi nina miguu miwili ya kulia?"

Fundi mkuu akavipokea viatu, akaviweka sambamba mezani. Kweli, vyote vya kulia. Akamgeukia Gundi taratibu, na hapo ndipo anapotisha.

"Wewe. Kiolezo hukukigeuza?"

"Nilisahau, mzee."

"Ulisahau! Siku ya kwanza nilikwambia nini? Ukichora kwa nyuma, ukija kuligeuza pande la ngozi, kulia kunakuwa kushoto. Au ulikuwa unapiga miayo?"

"Kulia kunakuwa kushoto," Gundi alirudia, kama mtu anayeota.

"Ndiyo! Ulitaka kuwe juu?"

Gundi akaingiza mkono mfukoni mwa aproni. Alitoa ile karatasi, akailaza mezani. Akaweka ukanda juu yake, safari hii upande wa nyuzinyuzi juu, vile alivyouchora. Tundu la saba likahama kutoka A likatua kwenye D. Weusi. La nane, weusi. La tisa, weusi. Akashuka na kidole mpaka chini, na weupe ulikuwa wa kutafuta.

"Mama yangu wee," alisema. "Nimemuua mtoto wa watu."

"Umemuua nani?" mteja aliuliza, akirudi nyuma miguu mitupu.

Gundi alishatoka nduki, aproni na vyote.

Getini kwenye kituo cha mtihani mlinzi akamzuia kwa mkono mmoja tu.

"Wewe ni mtahiniwa?"

"Mimi ni fundi viatu."

"Basi fundi viatu, kaa nje ya uzio."

Akakaa nje ya uzio, anahema. Mtihani ulikuwa wa karatasi mbili; ya kwanza ilikuwa imekwisha na watahiniwa walikuwa uani wanasubiri ya pili. Profesa alimuona, akaja mpaka kwenye nondo, macho mekundu.

"Umefuata nini huku?"

"Ulifanya vile nilivyokwambia?"

"Nilifanya. Kisha hesabu moja ikanishinda kuikana, nikaifuta nikaweka langu. Nikarudi nyuma nikaanza kufuta na mengine. Kengele ikalia nipo katikati. Sasa hata sijui lipi langu, lipi la kwako."

Gundi akapitisha karatasi na ukanda kati ya nondo. Akamuonyesha kwa upande laini. Akaugeuza. Akamuonyesha kwa nyuzinyuzi. Profesa akaugeuza mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu.

"Kwa hiyo nilikuwa najua?"

"Ulikuwa unajua."

"Muda wote?"

"Muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa kichwa chini. Nisamehe, mdogo wangu."

Profesa akampiga ngumi ya bega kupitia nondo, ngumi ya kweli, kisha akacheka huku machozi yanamtoka, na Gundi asijue ashike lipi. Kengele ikalia. Wenzake wakaanza kupanga mstari.

"Alama za ile ya kwanza zitanitosha?"

"Sijui," Gundi alisema.

Profesa aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufutio uliokwisha nusu, akamwekea kiganjani.

"Nishikie," alisema, akageuka kuingia ndani.