Jiwe la Nabii Jeremy

Mwaka wa tisini na nne, Nabii Jeremy alitoka Kawangware akaja kutufukuza kwa jiwe. Sisi wanawake wa Laini Saba tulikuwa tukiuza dagaa wa omena, mboga na uji kwenye kiwanja kando ya reli. Yeye akadai amelifukua jiwe hilo papo hapo kiwanjani, limechongwa herufi za watu wa kale, na herufi zinasema pale ni patakatifu: biashara iondoke, kanisa lijengwe. Kanisa lake, bila shaka. Tukapewa hadi Jumapili tuhame.

Jumapili ilipofika akalilaza jiwe kwenye meza aliyokuja nayo, juu ya kitambaa cheupe, maandishi yakitazama mbinguni, akakataza mtu kuligusa. Ubishi ukaanza, na wanaume wa kwetu wakianza ubishi hata ugali hupoa. Mulwa, aliyewahi kufundisha historia, akasema ni la kale kweli, tazama lilivyo jeusi. Fundi Vincent akasema weusi ule ni masizi, na patasi iliyochonga ni ya juzi.

"Wewe fundi wa vitanda, mawe unajulia wapi?" Mulwa akamuuliza.

Nusu ya umati ikapiga makofi huku, nusu kule. Mimi nilikasirika. Watoto wangu wanakula kwa omena, na riziki yao inaamuliwa na watu wanaobishania masizi!

Nelima, jirani yangu mjane, alikuwa amesogea hadi mezani. Anauza uji wa wimbi, na tangu masika alikuwa akililia jiwe lake la kusagia, lililoibwa mlangoni pake. Hakuwa akitazama maandishi. Alikuwa akitazama ukingo wa jiwe. Ghafla akakimbia nyumbani, akarudi na kile kijiwe cha mkononi cha kusukumia, ambacho mwizi alikiacha.

"Filister," akaniita, "kuja unishikie hii upande."

"Msiguse!" Nabii akapaza sauti, lakini tulikuwa tumeshaligeuza.

Tumbo la jiwe lilikuwa na bonde laini. Wanawake wakaanza kushangilia kabla Nelima hajasema neno, maana kila aliyelelewa na bibi anayesaga anajua: jiwe na mtoto wake wa mkononi hulika pamoja miaka na miaka, na mtoto hakubali mama mwingine. Nelima akakiweka kijiwe bondeni. Kikatulia. Akamwaga wimbi konzi moja, akasukuma, na unga ukashuka kwenye kitambaa cheupe.

"Hii jiwe nilipewa na mama mkwe wangu, siku niliolewa," akasema.

Mulwa akavua kofia. "Mimi nimeshindwa."

Nabii hakushindwa. "Na hata kama! Mungu anaweza kuandika kwa jiwe yoyote, hata ya kusaga!"

Wengine wakaitikia amina, nami nikaogopa kweli kwamba tumepoteza kiwanja. Nelima akapangusa unga mikononi.

"Anaweza," akasema. "Lakini Mungu hawezi kuja kwa mlango ya mjane aibe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimsindikiza Nabii hadi ng'ambo ya reli. Meza alituachia. Nikapanga omena juu yake siku hiyo hiyo, Jumapili au si Jumapili.