Risasi Iliyovuka Kilima

Oleta Stidham alitoka ndani na bunduki ya marisau begani, ile inayomwaga vipira vidogo vya chuma kwa mkupuo, na wadogo zake wawili wakaangua kicheko uani.

"Haya, dada kazeeka!" Dorsey alisema. "Leo tunakula mchuzi au tunatafuna vyuma?"

Kwa akina Stidham, kindi alipigwa kichwani kwa risasi moja, nyama ikabaki safi. Marisau waliwaachia watu wa mjini. Na katika bonde lile lote la Kentucky hakuna aliyempita Oleta kwa shabaha, miaka arobaini sasa. Sifa tamu sana, ila wiki hii ilimkaa kooni.

Jumamosi iliyopita, walipokuwa wakiwinda wote watatu, risasi moja iliyolenga kindi juu ya mwaloni ilikosa, ikavuka kilima, ikatoboa ukuta wa bafu la Reva, binti yake, aliyehamia kule majira ya kuchipua. Reva alikuwa akimwogesha mtoto. Risasi ilipita shibiri moja juu ya kichwa cha yule mtoto. Marisau yakikosa huishia palepale karibu; risasi haina adabu, huenda mpaka ikutane na kitu.

Oleta aliwasimulia yote, akawaonyesha kipande cha risasi kiganjani.

"Si yangu," Dorsey alidakia. "Nilipiga saba, wakaanguka saba."

"Hata mimi nilijisifu hivyo mezani. Nilidanganya. Nilipiga tisa, wakaanguka wanane."

Maneno yale yalimuuma kuyatoa. Virgil, mdogo wao wa mwisho, alitazama viatu vyake.

"Mimi nilikosa wawili," alisema.

"Mnaona? Basi msitu huu ni wangu, hati ninayo. Kuanzia leo hapa hapigi mtu risasi kwenda juu. Mwenye kutaka kindi wangu ashike marisau. Mwenye kuona haya akanunue kuku."

"Babu angekuona, dada!"

"Babu alikuwa anapiga kuelekea pori tupu, Dorsey. Wewe unapiga kuelekea kwa mwanangu."

"Watu watasema akina Stidham wamekwisha!"

"Waseme mpaka wakauke mate! Ukitaka, nitakwenda mwenyewe kuwaambia kanisani kesho."

Virgil aliingia ndani, akarudi na bunduki ya marisau ya zamani iliyokaa nyuma ya jiko. Dorsey alibaki amesimama langoni na bunduki yake ya risasi, uso umemwiva. Oleta alimpita bila kumtazama, akaanza kupanda kilima.

"Dada," Dorsey aliita. Sauti ilikuwa imeshuka. "Yule mtoto alikuwa amekaa, au amesimama?"

"Alikuwa amekaa," Oleta alijibu. "Ameanza kusimama juzi."