Baada ya Saa Nne

Ofisini waliniita Bibi Sarufi, nami sikukataa. Nilifundisha lugha miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia idara ya hali ya hewa, na kazi yangu huko ilikuwa hii: hakuna taarifa iliyotoka bila kupita mezani kwangu, na zote zilisomwa redioni kwa sauti yangu. Wataalamu wa hewa wanajua mawingu, hawajui ngeli. Mtu ana shahada mbili na bado anaandika "vimbunga kali". Nilikuwa nikiwasahihisha kwa kalamu nyekundu, na wakinuna niliwaacha wanune.

Sugu wao alikuwa yule tuliyemwita Mpiga Ramli, mtaalamu wa kufuatilia njia za vimbunga. Huyo na "masaa" walikuwa chanda na pete. Masaa mawili, masaa sita, masaa ishirini. Nilimwambia mara ngapi sijui, tena mbele za watu, kwamba saa ni saa, iwe moja au mia, na hayo "masaa" ni ya mitaani. Yeye alicheka tu.

"Bibi Sarufi," alisema, "kimbunga hakijui ngeli."

Siku ya nne ya kukifuatilia kimbunga kile hapakuwa na wa kucheka. Chumba kilinuka jasho na chai iliyolala. Mpiga Ramli alikuwa hajanyoa, macho mekundu, na kila picha mpya ya setilaiti ilipofika aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kimbunga kilikuwa kigeugeu. Siku ya kwanza kilielekea kwetu, tukawaambia watu wa bondeni wahame, kikapinda kaskazini. Siku ya pili kikarudi, tukawahamisha tena, kikasimama baharini siku nzima kama mtu aliyesahau alichofuata. Kwenye ramani njia yake ilichorwa kwa umbo la faneli: nyembamba pale kilipo, pana kule kinakokwenda, maana kadiri unavyotazama mbele ndivyo unavyozidi kutojua. Watu hawakuitazama faneli. Waliutazama mstari wa katikati, na ulipowakosa mara mbili wakasema idara nzima ni waongo.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepooza upande mmoja, akiishi na mdogo wangu wa kike bondeni, karibu na mto unapoingia baharini. Mafundi wanne, majirani zao, walikuwa wamembeba mara mbili na kitanda chake hadi shule ya mlimani, na mara mbili wakamrudisha jua likiwaka. Safari ya pili alirudi na kikohozi. Akasema hatoki tena mpaka kimbunga chenyewe kibishe hodi.

Siku hiyo, saa nane kasorobo mchana, Mpiga Ramli aliinuka kitini taratibu.

"Kimegeuka," alisema. "Kinakuja huku, na kimeongeza mwendo."

"Kitafika saa ngapi?" mkuu wa idara akauliza.

"Siwezi kutaja saa, bosi. Kinaweza kupunguza mwendo, kinaweza kuongeza. Tukitaja saa kamili halafu kikawahi, tumewaua watu. Andika masaa manne, tena ni makadirio."

Akaandika mwenyewe, kwa mkono, herufi zikipandana: *Kimbunga kinatarajiwa kuingia nchi kavu baada ya masaa manne. Wakazi wote wa bondeni wahame.* Karatasi ikaja kwangu. Nikakata "masaa manne", nikaandika juu yake "saa nne". Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Sikufikiri chochote. Nakumbuka nilisikia hata raha kidogo, ile raha ya mtu anayenyoosha picha iliyokaa upande ukutani.

Saa nane kamili nikasoma, polepole, kila neno mahali pake. Kituo cha redio kikaanza kuirudia sauti yangu kila baada ya nyimbo mbili tatu.

Mdogo wangu akapiga simu muda huohuo.

"Dada, tumekusikia."

"Safari hii ni kweli. Mtoeni Mama."

"Tutamtoa, ameshakubali. Mafundi wakirudi tu, wanambeba." Akashusha sauti. "Dada, hakuna habari nyingine unayoijua? Ya pembeni?"

Simu nyingine tatu zilikuwa zikilia na mkuu alikuwa akinikodolea macho. Isitoshe, swali lile liliniudhi. Watu walikuwa wamesema ndugu zetu hupewa habari za siri wao wakiachwa.

"Hakuna ya pembeni," nikamjibu. "Fuata nilichosoma, neno kwa neno."

"Sawa. Neno kwa neno."

Sikumuuliza mafundi wanarudi saa ngapi. Nilidhani wapo hapo jirani.

Saa kumi nilisoma taarifa ya pili. Mpiga Ramli alikuwa ameandika "baada ya masaa mawili", nami nikaandika "baada ya saa mbili", nikasoma, nikatoka koridoni kupumua. Madirisha yalikuwa yameanza kutetemeka. Mlinzi wetu, mtu mzima ambaye naye alikaa bondeni, alikuwa akifunga milango ya nje kwa waya.

"Bado uko hapa?" nikamshangaa. "Nenda kwenu, mzee wangu."

"Nitakwenda, Mwalimu. Zamu yangu inaisha kumi na mbili, nitawahi." Akavuta waya. "Ila mngekuwa mnaamua. Mchana umesema saa nne usiku, sasa umesema saa mbili. Mnatuchanganya."

Nikamtazama. Nikataka kumwambia kwamba sikusema usiku. Kisha nikajisikia mwenyewe, kama nimekaa jikoni kwa mdogo wangu na redio iko juu ya kabati: baada ya saa nne. Nani kati yetu, akisikia hivyo mchana, angeanza kuhesabu vidole? Saa nne ni saa nne. Ni wakati ambao watu wanazima taa wanalala.

Nilimwambia mlinzi kitafika saa kumi na mbili, labda kabla. Aliachia waya, akaondoka mbio bila hata kuchukua koti lake.

Nilikimbia studio nikampokonya mtangazaji kipaza sauti. Nikasema saa kumi na mbili jioni ya leo, jioni ya leo, nikarudia mpaka sauti ikakwama. Mtu akaniambia bondeni umeme umekatika tangu saa kumi kasorobo. Nikampigia mdogo wangu. Nilipiga mara thelathini na moja, na simu haikuita hata mara moja. Kimbunga hakikungoja hiyo saa kumi na mbili. Kiliingia saa kumi na moja na dakika ishirini.

Mafundi walitoka kazini saa kumi na moja, wakakuta barabara ya bondeni imeshakuwa mto. Mdogo wangu alikuwa amejaribu kumburuta Mama peke yake, akafika naye mlangoni. Maji yalipofika kifuani alimshikilia kwa kanga aliyowafunga wote wawili viunoni. Kanga ikafunguka. Yeye akaokotwa juu ya paa la jirani. Mama tulimpata siku ya tatu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa miezi miwili. Waliita wataalamu wa hewa, wakaita na msomi mmoja wa lugha, ambaye alizipima taarifa zangu mbili na kuthibitisha kwamba zilikuwa sahihi na fasaha. Kosa halikuonekana. Mpiga Ramli aliulizwa kama ana la kuongeza, akanitazama, akasema hana. Bora angenitemea mate.

Ripoti nikaipeleka nyumbani. Mdogo wangu anakaa kwangu sasa, chumba cha nyuma, na jioni hiyo alikuwa akikunja nguo kitandani. Tangu mazishi hakuwahi kunilaumu. Akizungumzia siku ile husema kimbunga kiliwahi, basi, kama anavyosema mtu aliyekwisha kumwachia Mungu. Aliniambia mafundi walitaka kuacha kazi saa tisa waje, na Mama ndiye aliyewazuia kwa simu: mwanangu amesema saa nne, malizeni kazi yenu, huyo hakosei.

Ningeweza kunyamaza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza yote, kuanzia ile karatasi.

Alisikiliza akiwa ameshika shati mkononi.

"Kwa hiyo ulikuwa unahesabu kuanzia pale ulipokuwa unasoma," alisema.

"Ndiyo."

"Na yule bwana aliandikaje?"

"Aliandika masaa manne."

Akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Masaa manne ningeelewa, Dada," alisema. "Hata Mama angeelewa."