Usiongeze, Usipunguze

Gari la polisi liliegeshwa mbele ya geti la shule pale Bellevue, mtaa wa Joburg, saa saba na nusu mchana, wakati wazazi wanakuja kuchukua watoto. Waliopanga saa hiyo hawakuwa wajinga. Mgeni ataacha soko, ataacha hata kanisa, lakini mtoto wake hamwachi.

Agnès, fundi cherehani kutoka Uvira, aliliona akiwa tayari katikati ya barabara. Angegeuka, ila Chloé, binti yake wa miaka minane, alikuwa ameshaanza kumkimbilia.

"Karatasi," askari alisema kwa Kizulu.

Kizulu cha Agnès kiliishia kwenye salamu na majina ya vitambaa. Mdomo wake ulikuwa Chloé, mzaliwa wa hapahapa Joburg. Kliniki, kwa mwenye nyumba, kote mtoto ndiye aliyetafsiri. Siku moja alimwonea haya muuguzi, akapunguza maneno, na mama yake akapewa dawa isiyokuwa yake. Tangu hapo Agnès hakuchoka kumwambia, akimwita mama kwa kumbembeleza: "Mama wangu, usiongeze, usipunguze."

Akaitoa hati ya ukimbizi. Ni karatasi tu yenye picha, na kila baada ya miezi kadhaa lazima igongwe muhuri upya kwenye ofisi ya wakimbizi Pretoria. Yake ilikuwa imekunjwa hata ikaanza kukatika, naye kwa hofu akaipeleka ikapigwa laminesheni. Kinga ni bora kuliko tiba, alijiambia. Karani wa Pretoria aliigonga ile plastiki kwa ukucha, akawaita wenzake waje wacheke. Muhuri haushiki kwenye plastiki. Wakamfukuza dirishani.

Askari alisoma tarehe, akamgeukia Chloé aliyekuwa ameshafika. "Mwambie karatasi yake imekufa."

"Anasema karatasi imekufa," Chloé alisema.

"Umuambie iko muzima. Ni muhuri tu ilikataa kushika."

Chloé akatafsiri. Askari akatabasamu. "Eish! Kizulu chako kinawashinda wanangu. Huyu ni mama yako?"

Agnès alilishika neno moja tu, *umama*. Aliwajua wanawake waliopelekwa kizuizini pamoja na watoto wao. Mwalimu wa zamu alikuwa hatua kumi tu, ndani ya geti. Akainama, akajifanya anamfunga mtoto kifungo.

"Sema apana," alinong'ona. "Sema mimi siko mama yako. Kisha kimbia kwa mwalimu."

Chloé alimtazama mama yake, akamtazama askari. Akasimama wima, kama alivyofundishwa.

"Anasema niseme hapana," alitafsiri kwa Kizulu safi. "Anasema niseme yeye si mama yangu. Kisha nikimbie kwa mwalimu."

Askari walicheka, mmoja akajishika magoti.

"Jamani, hapa ni shule," mwalimu alisema kutoka ndani.

"Nionyeshe sheria inayonikataza kukamata mtu shuleni," askari akajibu.

Mwalimu alitazama viatu vyake, kisha akafunga geti.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa. Askari alisema maneno machache, akimnyooshea kidole mama, halafu mtoto. Machozi yalikuwa yakimtiririka Chloé, lakini alikitafuta Kiswahili chake kidogo, neno kwa neno.

"Anasema ingia, mama. Anasema inamisha kichwa." Akashika sketi ya mama yake. "Anasema na mimi."