Malkia Aliyemsahau Mumewe

Katika filamu ambayo Alima aliipenda kuliko zote, harusi ilikuja mapema, mwishoni mwa diski ya kwanza. Malkia wa nchi ndogo yenye theluji anaolewa na kapteni wa askari wa farasi. Wanaimba wao, wanaimba askari, hata wapishi wanaimba huku wameshika sufuria. Kisha diski ya kwanza inatolewa, inaingizwa ya pili, na malkia yuleyule anamkuta mume wake mlangoni, anamtazama kama mtu asiyemjua, na kumwonyesha piano iliyoharibika.

Kwa nini? Baba yake Alima, Mahamudi, alikuwa mtafsiri, msimulizi wa filamu za kigeni, katika ukumbi wa video wa mtaa wa Birere, na jibu lake lilikuwa limekubaliwa na mtaa mzima kwa karibu miaka thelathini. Siku ya tatu baada ya harusi, alieleza, malkia alishikwa na homa kali iliyofuta kumbukumbu yake. Kapteni hakutaka kumtisha. Akajifanya fundi wa piano, akaanza kumposa upya.

Jumanne, saa tisa alasiri, katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, Alima aligundua kwamba malkia hakuwahi kuugua.

Alikuwa ameitwa na Patricia, msimamizi wa kituo kidogo cha utamaduni. Patricia aliipata filamu hiyo nzima, bila kukatwa, ikiwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na alitaka kuionyesha Jumamosi pamoja na mtafsiri wa zamani, mikro ya kupazia sauti mkononi, kama ilivyokuwa Birere. Alimwomba Alima, ambaye ni mwalimu wa fizikia, aitazame kwanza na kupima urefu wake ili mafuta ya jenereta yatoshe.

Alima alifungua daftari. Kufikia dakika ya nane alikuwa ameandika: *Hawajuani*. Kufikia dakika ya ishirini aliandika: *Nakala imeparaganyika?* Lakini majina ya waigizaji yalikuwa yametokea mwanzoni, na harusi ikaja dakika ya tisini, ikifuatwa na neno la kumalizia. Akafanya kile anachowafundisha wanafunzi wake: akatafuta kitu kimoja kisichoweza kukubaliana na mipangilio yote miwili, harusi kwanza au harusi mwisho. Alikipata kwenye kidole gumba. Kapteni anapojifanya kutengeneza piano, waya unamkata kidole. Kwenye harusi kidole hichohicho kimefungwa kitambaa cheupe.

Huko Birere baba yake alikuwa amekieleza kitambaa hicho pia. Ni desturi ya wazungu, alisema, bwana harusi hufungwa kidole. Alima alikuwa na picha ya harusi ya binamu yake, ya mwaka 2004, na bwana harusi ndani yake amefungwa kidole gumba.

Basi ilikuwa wazi. Diski zilifika kutoka Kampala bila maandishi yoyote, mwenye ukumbi akaziandika A na B kwa kalamu, na alikosea. Neno la kumalizia lilikuwa la Kiingereza, ambacho hata Mahamudi alikibahatisha tu, na kwa vyovyote diski ilitolewa mara tu busu lilipokwisha. Majina ya waigizaji yalipotokea katikati, Mahamudi aliwaambia watu kwamba waigizaji wa kule hudai majina yao yaandikwe upya katika kila sehemu.

Alima alitembea hadi nyumbani Majengo akijaribu kuamua. Watu wa Himbi husoma Kifaransa. Baba yake angesimama mbele yao atangaze homa, na chini ya picha wangesoma mambo mengine kabisa. Wangemcheka. Mahamudi alikuwa na miaka sabini na nne, na katika mji huu hakuwa na jina lingine zaidi ya lile la mtafsiri.

Alimkuta uani akipiga pasi shati.

"Papa, ile filme iko na makosa."

"Makosa gani? Rangi?"

"Haina rangi, Papa. Mupango wake. Diski B njo ya kwanza. Banajuana, banagombana, kisha banaoana."

Mahamudi alicheka hadi akaiweka pasi chini. "Mutoto wa masomo, weye! Unafikiri batu hawawezi kuoana mbele ya kujuana? Miye na mama yako tulijuana nyuma ya arusi. Kuna ajabu gani?"

Akamweleza habari ya kidole. Mzee akaacha kucheka.

"Na nyimbo?" aliuliza. "Zinasema nini?"

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mahamudi alikuwa na sheria moja katika kazi yake: wimbo hautafsiriwi. Malkia akifungua kinywa kuimba, mtafsiri hushusha mikro kifuani na kunyamaza. Filamu nyingine zilivumilia sheria hiyo. Hii ilikuwa imeweka kila kitu chake ndani ya nyimbo.

Alima alisoma kutoka daftarini. "Wimbo wa kwanza. Kapteni anasema malkia amekataa kumupokea, kwa hiyo atajifanya fundi apate kuingia."

"Anasema vile mu wimbo?"

"Mu wimbo."

"Sasa kwa nini hakusema tu kwa kinywa?"

Alima alilifunga daftari. Alikuwa ameipenda filamu hii tangu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu aache kusema aanze kuimba. Ilikuwa ikimfurahisha tu, kama maji ya moto yanavyomfurahisha mtu aliyenyeshewa.

"Basi nitasema ya kweli," alisema Mahamudi. "Niandikie."

Alimwandikia kurasa nne. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa mzee alizisoma kwa sauti, akikosea, akirudia, na binti yake akimsahihisha. Kufikia Ijumaa jioni alizijua zote. Alima aliridhika. Jambo moja tu lilimtatiza: katika siku hizo tatu baba yake hakutania hata mara moja.

Jumamosi watu wa Himbi walikaa kwenye viti vya plastiki. Watu wa Birere walifika kwa pikipiki, kama arobaini, wengi wao wazee, wakatandika vitenge mbele kabisa kwenye sakafu. Miongoni mwao alikuwa Mama Mwavita, ambaye kwa miaka mingi aliuza mikate ya mafuta mlangoni mwa ukumbi wa zamani na kuzitazama filamu zote akiwa amesimama.

Picha ilianza. Mahamudi akainua mikro.

"Huyu ni kapteni. Hajamujua malkia bado."

"Muzee!" aliita Mama Mwavita. "Batu ba Himbi bamekuwekea diski B!"

Watu wa mbele wakacheka.

"Hapana, mama. Njo mwanzo wenyewe."

"Mwanzo ni arusi, papa. Na sisi tuko watoto?"

"Mumuache," alisema mwanamume mmoja. "Miaka ni mingi. Amesahau."

Alima alisogea gizani nyuma ya viti. Alikuwa amepiga hesabu ya watu wa viti. Hakuwa amepiga hesabu ya watu wa sakafuni. Baba yake alikuwa akisema kweli tupu, neno kwa neno, na watu wake mwenyewe walimwona ameishiwa kumbukumbu.

Kisha kapteni akaanza kuimba, na Mahamudi, kama walivyokubaliana, akasoma juu ya sauti yake: "Anasema malkia amemukataa, kwa hiyo atajifanya..."

"Nyamaza, papa, mutu anaimba!"

Haikuwa sauti moja. Mahamudi alimtafuta binti yake kwa macho, hakumwona gizani, akashusha mikro. Watu wa Birere wakaimba wimbo wote kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote, silabi walizozishika kwa masikio miaka ya nyuma, bila kukosa sauti hata moja. Watu wa viti waliokuwa wakisoma maandishi wakaacha kusoma, wakawatazama.

Jambo hili nalo Alima hakulielewa. Kila mara mazungumzo yaliporudi, sakafuni palizuka minong'ono na kutikisa vichwa. Kila mara wimbo uliporudi, ukumbi mzima ulikuwa kitu kimoja, wanaoijua maana na wasioijua. Yeye aliyejua maana zote alijikuta akiimba zile silabi. Zilikuwa bora kuliko maana. Jambo hilo lilimchukiza, na hakuacha kuimba.

Dakika ya hamsini na moja malkia na kapteni waliimba kila mmoja upande wake wa ukuta, bila kuonana. Hapo ndipo diski ya zamani ilipokuwa ikikatika na onyesho la Birere kwisha, katikati ya sauti ya juu kabisa, na hapo Mahamudi alikuwa akipaza sauti: amekumbuka! Watu wa Birere wakaipaza wenyewe.

"Amekumbuka!"

Walipiga makofi, wakakumbatiana, wakaanza kutafuta viatu. Lakini malkia aliendelea kuimba, akamaliza wimbo ambao hawakuwahi kuusikia ukimalizika, na filamu ikaendelea. Wakaketi tena polepole, wakitazamana. Malkia akagundua kwamba fundi ni kapteni. Wakagombana. Wakapatana. Ikaja harusi, na askari, na wapishi na sufuria zao. Neno la kumalizia likatokea, taa zikawashwa.

Watu wa viti walipiga makofi na kuinuka. Patricia alikuwa akitabasamu. Hakuna aliyemcheka Mahamudi kwa kosa lolote, kwa sababu hakukosea popote.

Watu wa sakafuni hawakuinuka.

"Papa Mahamudi," alisema Mama Mwavita. "Arusi tumeiona. Sasa tia sehemu ya pili."

Mzee alisimama na mikro mkononi. Sasa, kwenye mwanga, alimwona binti yake.

"Mwalimu," aliuliza, na mikro ikalipeleka swali kila pembe. "Iko ama haiko?"

Alima alitambua kwamba baba yake hakuwa akimtega. Hakujua kweli, alitaka kujua, naye atasema lolote atakaloambiwa. Jibu lilikuwa moja.

"Haiko, Papa."

"Haiko namna gani?" alisema Mama Mwavita, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Nimeiona mara ishirini. Homa nimeiona. Bwana yangu aliporudi kutoka Vitshumbi kwa bavuvi na akili yake imepotea, ananiuliza jina, mi nilifanya vile kapteni alifanya. Nilimwambia niko muuza mikate. Alinioa tena. Sasa unaniambia haiko?"

Alima alifungua daftari. Kila alichokijua kilikuwa sahihi: dakika, kidole, kalamu ya mwenye ukumbi. Na mwanamke huyu alikuwa ameiona filamu mara ishirini, hilo nalo lilikuwa sahihi. Alijaribu kuyaweka mambo hayo mawili mahali pamoja, yakakataa.

Mahamudi alizikunja zile kurasa nne, akazitia mfukoni mwa shati. Akageuka kukitazama kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, kilichokuwa tupu, kama anavyokitazama mtafsiri anayesubiri picha, na akasema kwa sauti ambayo Alima hakuwa ameisikia tangu Jumanne:

"Siku ya tatu kisha arusi, mabibi na mabwana, homa ikamushika malkia. Munganga wa kwanza akaja, hakuona kitu. Munganga wa pili akaja, akakula chakula chote cha mu nyumba, naye hakuona kitu."

Kicheko kililipuka sakafuni. Baadhi ya watu wa viti, waliokuwa wamefika mlangoni na funguo mkononi, walisimama. Mwanamume mmoja alimuuliza mke wake kwa Kifaransa kama hii bado ni filamu, na mke wake akasema hajui, kaa.

Patricia alimsogelea Alima na kuinama sikioni pake.

"Anatafsiri nini? Hakuna picha."

"Anatafsiri ile filamu."

"Ipi? Imekwisha."

Alima alitaka kumjibu kwa usahihi. Alianza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Kisha akainua mkono kumnyamazisha, kwa sababu malkia alikuwa amefika mlangoni, na kapteni alikuwa bado hajaamua atajitambulisha kama nani.